Mali ikishapanda lori, bei si yako tena

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako tuwatahadharishe wasomaji wanaojiandaa kuhama nyumba, hasa hapa Kampala, Wakiso na Mukono. Sisi ni madereva na wapakiaji wa malori ya kuhamisha. Hila tunazozieleza zinatuchafulia kazi, na zinawaacha watu na vitanda vyao barabarani.

Hila kubwa kuliko zote huanza na bei ya simu. Unapiga, unaulizwa una vyumba vingapi, unatajiwa bei ya chini. Hakuna aliyekuja kuliona kabati la milango mitatu lisilopita kwenye ngazi bila kufunguliwa, wala anayejua kwamba unakokwenda ni ghorofa ya nne na lori haliwezi kufika getini. Vitu vinapakiwa bila ubishi. Ubishi huanza mkifika: turubai halifunguliwi, na dereva anadai hela ya ngazi, ya umbali, ya kusubiri. Giza linaingia, nyumba ya zamani umeshairudisha kwa mwenyewe, watoto wako nje. Hapo karibu kila mtu hulipa.

Kwa hiyo mapatano yote yaishe kabla kitu cha kwanza hakijainuliwa. Mwenye lori aje aione nyumba, na akishindwa, mpelekee video ya vyumba vyote, jikoni na stoo vikiwamo, pamoja na njia ya kuingilia kule unakohamia. Kisha andikeni karatasi, nakala mbili: mnatoka wapi kwenda wapi, ghorofa ya ngapi, safari ngapi, wapakiaji wangapi, namba ya gari, na jina la dereva kama lilivyo kwenye leseni yake. Bei iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na ielezwe wazi kwamba ndani yake mna kupakia, mafuta, kushusha na kuingiza vitu ndani. Wengi husahau hilo neno la mwisho, na ndilo linaloacha sofa kwenye uzio.

Si kila bei ndogo ni ya mwizi. Lori lililoshusha mzigo Kampala na linarudi Gulu tupu, karibu kilomita 330, linaweza kukubebea kwa bei nafuu kwelikweli, maana mafuta ya kurudi yangechomwa bure. Lakini uliza kama vitu vyako vitachanganywa na vya wengine, na kama vitahamishiwa gari jingine njiani. Vitu vingi hupotea katika huko kuhamisha.

Kuhusu hela, usitume malipo ya kushika nafasi kwa mtu ambaye hujaliona gari lake. Picha za malori kwenye Facebook na TikTok huibwa kirahisi, na hata cheti cha usajili kinaweza kuwa picha ya kampuni ya watu wengine. Litafute jina la kampuni hiyo kwenye kumbukumbu za URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, kisha ulilinganishe na jina linalotokea kwenye simu kabla hujaingiza namba ya siri ya MTN au Airtel. Ukiambiwa utume kwa namba ya "mhasibu wetu" yenye jina jingine kabisa, acha. Hela ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi ngumu sana. Sisi tunaona ni haki kutoa hela ya mafuta gari likishafika mlangoni, isizidi theluthi moja ya bei, na iliyobaki ilipwe kitu cha mwisho kikishaingia ndani.

Kuna pia madalali. Unapatana na mmoja, kazi anaiuza kwa mwingine, na asubuhi linakuja gari usilolijua. Namba isipolingana na iliyo kwenye karatasi, msipakie. Ipige picha, pamoja na dereva na leseni yake. Dereva mwaminifu hatakasirika. Na stika ya bima kwenye kioo isikutulize: hiyo ni bima ya watu wengine barabarani, haifidii kabati lako. Anayedai ana bima ya mizigo akuonyeshe hati yake.

Andika namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye kila boksi na gunia, uhesabu yanapopanda na yanaposhuka. Mtungi wa gesi, pasi na begi la nguo ndivyo huondoka kwa boda boda wakati wote mmeinamia friji. Hela, vyeti na hati za ardhi vibebe mwenyewe. Mtu wako mmoja akae mbele na dereva, mwingine abaki nyumbani mpaka chumba cha mwisho kiwe tupu. Hameni mchana, mkiwa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, wa mnakotoka, ili dereva asipate kisingizio cha kuomba "hela ya polisi".

Washa televisheni na friji mbele ya dereva kabla ya kupakia, uchukue video. Mkifika, friji isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa, hasa ikiwa ililazwa, kwa sababu mafuta ya kompresa huwa yamehama. Kwa hiyo usisaini kwamba vyote ni vizima. Andika: "friji haijajaribiwa."

Dereva akizuia mali, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na upewe namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo. Bila karatasi ya mapatano ni rahisi kuambiwa kwamba huo ni ugomvi wa bei tu. Kwa hasara isiyozidi shilingi milioni 10, mahakama zina utaratibu wa madai madogo usiohitaji wakili. Unaanza kwa kumpa mdaiwa notisi ya maandishi, kisha unapeleka karatasi ile, picha ya namba ya gari na ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu yako.

Madereva na wapakiaji wa malori ya kuhamisha,
Kampala