Waandishi wa mapenzi, msiuharakishe msiba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Nimesoma hadithi za mapenzi tangu nikiwa msichana, na sioni haya kusema hivyo. Ila kuna aina moja ambayo siku hizi naianza kwa hamu na kuimaliza kwa uchungu: ile ya mke na mume waliofiwa na mtoto, wakatengana, kisha wakarudiana.

Yamenikuta hayo. Mimi na mume wangu tulimzika mtoto wetu wa miaka sita. Tuko pamoja hadi leo, lakini kuna miaka miwili tuliyoishi kama wapangaji wa nyumba moja.

Katika hadithi nyingi mke analia, mume halii, basi mume hana moyo. Anatokea mwanamume wa pembeni mwenye maneno matamu. Sura ya mwisho mke anapata ujauzito, mtoto anapewa jina la marehemu, yameisha. Mimi nilizaa tena, na huyu mtoto nampenda mno. Lakini hakuja kuziba pengo la mtu, na ningemwonea kumtwisha kazi hiyo. Usiku aliozaliwa nilimlilia kaka yake kuliko siku ya mazishi.

Kinachoniuma zaidi ni huyo mume asiyelia. Wiki moja baada ya kuzika, wangu alichukua bisibisi na kopo la grisi, akaanza kutengeneza mlango wa chumba cha mtoto. Ulikuwa ukilia kila ukifunguliwa, nami nilikuwa nimemwomba mwaka mzima. Nimekaa kitandani namsikia: anafungua, anafunga, anafungua, anafunga, mpaka ukanyamaza. Nilimchukia siku ile. Nikasema moyoni, leo ndiyo umepata nafasi?

Ilipita zaidi ya mwaka ndipo nikamwuliza. Akaniambia mtoto alikuwa akiuogopa ule mlio usiku, na alimwahidi kwamba Jumamosi atautengeneza. Jumamosi hiyo haikumkuta.

Mhariri, hapo ndipo penye hadithi ya mapenzi. Mwanamke anatoa swali alilolimeza mwaka mzima, mwanamume anajibu macho yakiwa sakafuni.

Watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut waliandika mwaka 1999 kwamba aliyefiwa huenda na kurudi: saa hii anaukabili msiba, saa nyingine anaupa kisogo ashughulike na maisha, na kwamba huko kwenda na kurudi ndiko kunakomsaidia kuuzoea. Niliposoma hayo niliiona nyumba yangu. Tatizo ni kwamba watu wawili hawaendi na kurudi kwa wakati mmoja. Siku mimi nimeweza kucheka, yeye kaokota soksi ndogo nyuma ya kabati. Mwandishi akilishika hilo tu, ana sura kumi bila kumhitaji mwanamume wa pembeni.

Naomba pia waache kueneza ile imani kwamba ndoa zikifiwa na mtoto karibu zote huvunjika. The Compassionate Friends, shirika la familia zilizofiwa na watoto, lilifanya uchunguzi Marekani mwaka 2006, na waliopeana talaka baada ya kifo walikuwa asilimia 16. Mimi niliambiwa maneno hayo msibani, na mtu mwenye nia njema kabisa. Nikawa nasubiri kuachwa. Kila mume akichelewa kurudi nasema, ndiyo leo.

Sitaki hadithi ziwe za kilio mwanzo mwisho. Mahaba yawepo, hata ya chumbani. Ila waandike na ile hatia ya kucheka kwa mara ya kwanza, na mkono unaogusa bega, na bega linavyosita kabla ya kuukubali. Kwetu sisi huo mkono ulikuwa mgumu kuliko yote yaliyofuata.

Hadithi yenu ya kila wiki sasa imefika pale mume amehamia chumba kingine. Namwomba mwandishi wake, kabla hajamleta yule daktari kijana tunayemnusa tangu toleo lililopita, amwache mke agonge mlango ule walau mara moja, amwulize.

Mama wa watoto wawili