Mama Neema, nimefika Decazeville

Toulouse, Novemba

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi ni wazima kabisa, na ni ombi langu kwa Mungu nanyi huko Kahama muwe hivyo hivyo. Barua yako niliipata na nimeirudia mara nyingi, hasa pale unaposema mtaani kwenu mazungumzo bado ni mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, tangu uzalishaji ukome mwaka 2021: nani kahamia Geita, nani kafungua duka, nani kajenga vyumba vya kupangisha na wapangaji hawaonekani. Ukaniuliza, mgodi ukiisha, watu wanabaki wageni wa nani? Swali hilo lilinikaa rohoni. Ndiyo maana nilipopata likizo fupi nikaenda kulala kwenye mji uliokwisha kupitia hayo.

Unaitwa Decazeville, uko Aveyron, kusini mwa Ufaransa. Ukitoka hapa Toulouse unapanda treni, unabadilisha Capdenac, kisha unashukia stesheni ndogo ya Viviez, bondeni, na kupanda kuelekea mjini. Vitabu vya wasafiri huusifu mji jirani wa Conques wenye kanisa la kale, halafu Decazeville vinaupa mistari miwili. Hata mahujaji wanaotembea kwa miguu kwenda Santiago de Compostela kule Hispania, ambao njia yao inakatiza hapa, wengi hupita bila kusimama. Kwangu mimi hiyo ni hasara yao.

Mji huu haukuota wenyewe. Duke Decazes, aliyekuwa waziri wa Mfalme Louis wa 18, alianzisha kampuni ya makaa ya mawe na chuma mwaka 1826, na mji ukachukua jina lake. Makaa yaliwasha matanuru, matanuru yakatoa chuma, chuma kikawa reli. Wakulima wa milimani wakashuka kutafuta kazi. Baadaye wakaja Wahispania na Wapolandi. Leo wakazi hawafiki 6,000. Enzi za machimbo walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. Unaliona hilo ukitembea: nyumba ndefu za wafanyakazi, maduka yaliyofungwa, na kanisa kubwa kuliko waumini. Ndani ya kanisa hilo la Notre-Dame kuna picha 14 za Njia ya Msalaba alizochora Gustave Moreau mwaka 1863 bila kutia saini. Kwa miongo mingi wachimbaji walisali chini ya picha za mchoraji mashuhuri na jina lake hawalijui.

Kilichonishika zaidi ni shimo lenyewe. Wenyeji wanaliita La Découverte, na ndilo lilikuwa machimbo ya wazi, yaliyofungwa mwaka 2001. Wewe umezoea kuona shimo la mgodi, unajua lile duara la ngazi ngazi linaloshuka. Hili limeota nyasi na miti, chini kuna ziwa, na pembeni wameuacha mnara wa chuma uliokuwa ukiteremsha wachimbaji. Nilikutana na wazee wakitembeza mbwa na vijana wakikimbia mazoezi. Hawakulizungushia ukuta wala kujifanya halipo, na nikalipenda jambo hilo kwa moyo wote.

Nililala kwa mama mmoja mwenye umri wa mama zetu, binti wa mchimbaji. Jioni alinieleza habari za mgomo. Mwishoni mwa mwaka 1961 serikali iliamua kufunga machimbo ya chini ya ardhi. Wachimbaji wakashuka shimoni, wakagoma kupanda. Krismasi ikawakuta chini, mwaka mpya ukawakuta chini. Walikaa siku 66, hadi Februari 1962. Yeye alikuwa mtoto wa shule, na anakumbuka mama yake akifunga chakula cha baba ili kiteremshwe, na wenye maduka wakikopesha familia bila kuuliza watalipwa lini. Nilidhani walikuwa wanadai tu mgodi usifungwe. Akatikisa kichwa. Walijua makaa yana mwisho. Walichopigania ni kwamba atakayehamishiwa kazi nyingine asipoteze haki zake za uchimbaji: matibabu, nyumba, na miaka ya pensheni aliyokwisha kuitumikia. Kufungwa hawakukuzuia, mashimo ya chini yalifungwa miaka hiyo hiyo ya 1960. Lakini alivyokuwa akisimulia, Mama Neema, hakusimulia kama mtu aliyeshindwa.

Tena hawakuanza siku hiyo. Jirani tu, Aubin, Oktoba 1869, askari waliwafyatulia risasi wagomaji, wakaua watu wasiopungua 14. Na hapo hapo Decazeville, Januari 1886, mishahara ilipokatwa, umati wenye hasira ulimtupa dirishani mhandisi Watrin, akafa. Mama yule hakuyapamba. Alisema ni damu ya pande zote mbili, na kwamba haki walizokuja kuzipata baadaye hazikutoka kwenye ukarimu wa kampuni.

Chakula chenyewe usiseme! Walinipa estofinado, samaki mkavu anayetoka Norwei, mgumu kama ukuni hadi alowekwe siku kadhaa, kisha anachanganywa na viazi, mayai, vitunguu saumu na mafuta ya jozi. Samaki wa baharini anafuata nini milimani? Wanasema mashua zilizoshusha makaa kwa mto Lot hadi Bordeaux zilirudi na samaki huyo. Nilipoonja nikaukumbuka ng'onda wa pwani, ila huyu ni laini zaidi.

Kesho yake nikafika Cransac, stesheni chache mbele. Huko makaa yaliyo chini ya mlima yanaungua yenyewe tangu zamani za kale, na mvuke wa moto unaopanda wanautumia kutibu baridi yabisi. Wagonjwa hutoka mbali kuja kukaa kwenye hewa hiyo. Machimbo yamekwisha, mlima bado unalisha watu.

Lakini nisikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Hapo Viviez kiwanda cha vyuma vya magari kilifungwa mwishoni mwa 2021, na wafanyakazi wakakikalia kwa miezi kadhaa. Kiwanda cha zinki, ile inayoezekwa mapaa ya Paris, bado kinafanya kazi. Vijana wengi wanaondoka. Waliobaki wamewaita wachoraji, kuta kubwa za mji sasa zimejaa picha za rangi kali, na mimi niliona zinapendeza kweli.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya nikuandikie upesi. Baba wa yule mama alikufa kwa kifua, vumbi la mawe. Ufaransa iliutambua ugonjwa huo kuwa wa kazini mwaka 1945, na mjane akapata haki yake kwa sababu mumewe alitunza kila karatasi: vyeti vya kazi, hati za mshahara, majibu ya hospitali. Alinionyesha sanduku lenyewe. Mwambie Baba Neema asitupe hata karatasi moja ya miaka yake ya mgodini, aende NSSF ahakikishe michango yote imeingia, na apime kifua hata kama hakohoi. Kama kuna wenzake waliorudi vijijini, awapigie simu nao. Wengine wakishatawanyika hawaulizi tena.

Niandikie mkishakwenda. Picha za lile shimo nitazituma kwa simu. Nisalimie Bibi na watoto wote, na Neema mwambie shangazi yake anamkumbuka sana.

Ni mimi, rafiki yako wa siku zote.