Odi ya farasi kushuka si wizi

Mhariri,

Wanaobeti mbio za farasi za ng'ambo hapa Kigoma wana lalamiko moja: "Nimemwekea namba 4 akiwa na odi 5.5, kashinda, nimelipwa 3.4. Wameniibia!" Odi ni namba inayozidishwa na dau kupata malipo. Kabla ya kumkaba mwenye kibanda, ni vizuri kujua hesabu yenyewe.

Katika viwanja vingi vya Marekani, Ufaransa na Hong Kong, mchezaji hashindani na kampuni, anashindana na wachezaji wenzake. Madau yote yanaingia kapu moja, uwanja unakata chake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Utaratibu huo ulibuniwa na Joseph Oller jijini Paris katika miaka ya 1860. Kila aina ya dau ina kapu lake. La mshindi halichanganywi na la nafasi ya pili.

Tuseme dakika chache kabla ya mbio kapu la mshindi lina shilingi 600,000, na namba 4 kawekewa 90,000. Makato yawe asilimia 17. Zinabaki 498,000, gawa kwa 90,000, unapata 5.53. Ubao unaandika 5.5. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanaichukua kama ahadi, kumbe ni picha ya kapu la wakati huo tu. Dakika ya mwisho zinaingia 400,000 nyingine, na 150,000 kati yake zinamwendea huyohuyo namba 4. Kapu sasa ni milioni moja; toa makato, zinabaki 830,000; gawa kwa 240,000, jibu ni 3.458. Wanashusha hadi 3.4, kwa hiyo dau la 1,000 linalipwa 3,400. Zile 58 za juu hazirudi kwako, na kwa kapu zima hilo ni shilingi 14,000. Makato ya pili hayo, ila ubaoni huyaoni.

Odi inaweza kuporomoka hata farasi wakiwa wameshaanza kukimbia. Dirisha linafungwa lango likifunguka, lakini madau ya vituo vya mbali huchelewa kujumlishwa, na ubao huchelewa zaidi.

Mwenye dau kubwa naye ajihadhari na kapu dogo. Ukiongeza 100,000 yako juu ya namba 4 katika mfano huu, odi inashuka hadi 2.6. Umejipunguzia mwenyewe.

Farasi akipendwa kupita kiasi, kapu huweza kukosa hata pesa ya kurudisha madau na faida kidogo. Marekani sheria huweka kiwango cha chini cha malipo, mara nyingi dola 2.10 kwa dau la dola 2, na pengo linazibwa na uwanja.

Sasa wale farasi wa katuni wanaokimbia kwenye skrini za vibandani kila baada ya dakika chache ni habari nyingine kabisa. Hakuna kapu. Mshindi anachaguliwa na kompyuta kwa namba za bahati nasibu, kwa hiyo kusoma "fomu" (rekodi ya mbio zilizopita) ya farasi wa katuni ni kupoteza muda. Odi iliyochapwa kwenye tiketi ndiyo unayodai. Gharama yake unaweza kuipima: gawa 1 kwa kila odi, kisha jumlisha. Farasi sita wenye odi 3, 4, 5, 6, 8 na 10 wanatoa 1.175, maana yake ukiwawekea wote kwa uwiano jumla ya shilingi 1,175, yeyote atakayeshinda utarudishiwa 1,000.

Basi mlalamikaji aanze na tiketi. Kama imeandikwa odi na umelipwa pungufu, pasipo makato ya kodi, una hoja ya kupeleka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kama imeandikwa namba ya farasi na kiasi cha dau tu, umecheza kapu.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma