Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa: tupatie daktari wa kututazama tukiwa njiani

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

YAH: MSAADA WA DAKTARI KWA VIDEO NDANI YA GARI LA WAGONJWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kilicho pembezoni mwa mkoa wako, mwaka wa tisa sasa. Jambo hili nimekuandikia mara tatu kupitia kwa mganga mfawidhi wangu, kwa utaratibu unaotakiwa, na nakala zenye mihuri ninazo. Leo naandika hadharani kwa sababu usiku wa kuamkia Jumatatu iliyopita mtoto wa miaka miwili alikata roho mapajani mwangu, kilomita kama 20 kabla ya kufika hospitali ya rufaa.

Aliletwa saa tatu usiku kwa pikipiki, kapakatwa na mama yake. Degedege, homa kali, viganja havina damu kabisa. Kipimo cha malaria kilisoma. Tukampima, kilo 10 na nusu. Tukamchoma atesuneti ya malaria kali, tukampa diazepamu ya kutuliza degedege, na glukosi. Damu ya kumwongezea hatuna, kwa hiyo rufaa. Nikapanda gari: dereva, mama, mtoto na mimi. Hiyo ndiyo timu nzima, ndugu Mganga Mkuu. Mwenzangu niliyemwacha kituoni alikuwa na wajawazito wawili leba.

Tulipomaliza mlima degedege ikarudi. Nikarudia dawa, na baada ya dakika chache pumzi zikaanza kuja kwa mbali. Nikapiga namba ya hospitali, ikaita mpaka ikakata. Mara nne. Ndipo nikampigia daktari mmoja ninayefahamiana naye, aliyekuwa amelala nyumbani kwake, kwa simu yangu na bando langu. Akasema washa video.

Nikaegemeza simu kwenye mtungi wa oksijeni, mama akatumulika kwa tochi ya simu yake ya kitochi. Daktari akaona kitu ambacho mimi sikuwa nimekiona: barakoa ya ambu begi, ule mfuko wa kubonyeza wa kumsukumia mgonjwa hewa, ilikuwa ya mtu mzima, na hewa yote ilikuwa inatorokea mashavuni. "Igeuze juu chini, upande wa pua uje kidevuni." Nikaigeuza, nikabonyeza, kifua kikapanda. Mama alikiona kikipanda, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Kwa dakika sita tulikuwa na daktari ndani ya gari lile. Alihesabu pumzi pamoja nami, akaniambia nibonyeze polepole, niiweke shingo sawa, dripu nisiifungulie kwa kasi.

Hilo la dripu si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, Muheza ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, ulionyesha kwamba waliomiminiwa maji haraka haraka walikufa wengi zaidi ndani ya saa 48 kuliko ambao hawakumiminiwa. Lakini mtoto aliyekaukiwa kwa kuharisha anayahitaji maji hayo hayo, na upesi. Sasa gizani, gari linaruka mashimo, mkono mmoja uko kwenye ambu begi, muuguzi mmoja ataamuaje peke yake? Kwa simu ya kawaida naweza kusema tu kwamba mtoto anapumua kwa shida. Kwa video daktari anaziona mbavu zinavyoingia ndani.

Kisha tukateremka bondeni, mtandao ukakata. Ulipokuja kurudi, mtoto alikuwa ameshatutoka. Sitasema video ingemwokoa, maana alihitaji damu. Lakini zile dakika sita nimeziona kwa macho yangu, na mama yake ameziona.

Mwaka jana mwezi wa saba ulikutana nasi kwenye ukumbi wa halmashauri. Ulisema kufikia Desemba kila gari la wagonjwa litakuwa na kishikwambi chenye bando, na hospitali ya rufaa itakuwa na daktari wa zamu wa kutupokea usiku na mchana. Nilikaa mstari wa tatu, nikapiga makofi. Desemba ikapita. Wenzangu wanasema fedha zilirudi hazina mwaka wa fedha ulipoisha. Mimi nahisi jambo lenyewe liliondoka na yule mratibu aliyehamishwa. Ukweli unao wewe, na hujatuambia.

Usiniambie nchi haiwezi. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Mwaka 2023 ulisainiwa mradi wa minara 758 ya simu vijijini. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua m-mama, huduma ya usafiri wa dharura, kwa nchi nzima, na leo mjamzito akipata dharura anapigiwa 115 bure na gari linatafutwa. Nimewasindikiza kina mama waliopona kwa namba hiyo. Ila huduma ile ni ya wajawazito, waliojifungua na vichanga wa siku 28 za mwanzo. Mtoto wa miaka miwili hayumo. Huyu apige wapi?

Najua barua hii inaweza kuniletea barua ya kujieleza. Nitajieleza. Tangu Jumatatu ile silali vizuri, nikifumba macho naisikia ile simu ya hospitali ikiita.

Kama vishikwambi havipo, basi viache. Tutatumia simu zetu, bando tutanunua kama tulivyozoea. Bonde lile nalo lisubiri mnara wake, maana sehemu kubwa ya barabara mtandao upo. Ninaomba kitu kimoja tu: namba moja ya hospitali ya rufaa, na daktari mmoja wa zamu anayejua kwamba kazi yake usiku huo ni kupokea simu hiyo, kwa video, hata saa tisa alfajiri. Namba na daktari. Hilo halihitaji bajeti mpya, linahitaji sahihi yako.

Nimepangwa zamu ya usiku kuanzia kesho. Naomba namba hiyo.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Muuguzi, kituo cha afya cha pembezoni