Malezi ya hisia yapewe nafasi darasani

Mhariri,

Muhula wa pili unapofika, wazazi wengi wenye watoto katika shule za bweni hapa Kenya huishi kwa hofu ya kusikia kwamba bweni limeteketea. Hofu hiyo ina msingi, kwani mwaka wa 2001 wanafunzi 67 waliangamia katika Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa kimakusudi. Mwaka huohuo viboko vilipigwa marufuku shuleni, hatua ninayoiunga mkono kwa dhati, lakini walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha kuhusu njia mbadala ya kumwongoza mtoto mwenye hasira au majonzi.

Mtaala wa umilisi, yaani unaolenga kile mwanafunzi anachoweza kutenda, unataja mawasiliano na ushirikiano, uraia na kujiamini miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Hata hivyo, mwalimu wa ushauri nasaha mara nyingi hubeba mzigo kamili wa vipindi, na hukutana na mwanafunzi pale tu anapokuwa ameshakosa. Hapa ndipo malezi ya hisia yanapohitajika: mtoto aliyezoeshwa mapema kueleza kinachomuudhi, kuomba msamaha na kutofautiana na mwenzake bila kumtusi hutulia darasani, na akitulia husoma. Walimu wa chekechea wanalijua hili kuliko sisi sote.

Naiomba Wizara ya Elimu ihakikishe kwamba walimu wa ushauri nasaha wanapunguziwa vipindi, na kwamba malezi ya hisia yanafunzwa kwa vitendo katika vyuo vya ualimu.

Mzazi,
Machakos