Barua ya wazi kwa wanangu wenye mgonjwa wa kifua ndani: hiyo sahani irudisheni kabatini

Wanangu wa Magomeni, Chikongola, Majengo mpaka kule Mikindani, nanyi mlioko Newala, Tandahimba, Lindi na Mtama ambao barua hii itawafikia kwa simu: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Naandika nikiwa nimeudhika, na sitaficha. Kuna sahani ya bati, ya bluu yenye ukingo mweupe, imetobolewa tundu la msumari pembeni ili isichanganyike na sahani nyingine za nyumba ile. Ni ya mama mtu mzima aliyegundulika na kifua kikuu. Chakula chake kinapakuliwa, kinawekwa kizingitini, mlango unagongwa mara mbili, na aliyekileta anageuka kuondoka kabla haujafunguliwa. Kuku wanamuwahi. Mama huyo yuko mwezi wa 4 wa dawa. Makohozi yake yalipimwa tena alipomaliza mwezi wa 2, vimelea havikuonekana. Na bado anagongewa mlango kama mtu wa kuogopwa, na kwenye kundi la simu la ukoo wanaandikiana kila asubuhi, "Tuko pamoja na mama kwa maombi."

Pamoja naye wapi, wanangu?

Sahani haiambukizi kifua kikuu. Vimelea vyake husafiri kwa hewa. Mwenye ugonjwa wa mapafu ambaye hajaanza dawa akikohoa, akipiga chafya, akiimba au hata akiongea kwa nguvu, hutoa vitone vidogo visivyoonekana, na chumba kikiwa kimefungwa huweza kuelea humo saa kadhaa. Anayevivuta ndiye anayeweza kuambukizwa. Havipiti kwenye kikombe, kijiko, shuka, choo wala mkono wa salamu. Sasa aliyetoboa sahani, kisha akamfungia mama dirisha ati asipigwe na baridi, amezuia njia ambayo ugonjwa haupiti, na ule wenyewe ameufungia ndani pamoja na mjukuu anayelala humo.

Mgonjwa akianza dawa sahihi na kuzimeza kila siku, kwa kawaida baada ya wiki 2 hivi uwezo wake wa kuambukiza hupungua sana. Wiki hizo za mwanzo ndizo za uangalifu mkubwa: alale chumba chake kama kipo, avae barakoa akiwa ndani na watu, watoto wasilale naye. Mwenye kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, ana hesabu yake, ndefu zaidi, na hiyo mtaelezwa kliniki. Lakini kwa wengi ni wiki 2. Ninyi mnaendelea miezi 6, na wengine mpaka mtu anazikwa.

Sisi watu wa kusini si wageni wa kutenga. Mwali huwekwa ndani. Vijana wa jando hukaa kando na kijiji mpaka wapone. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Lakini niambieni, ni mwali gani aliyewekwa ndani bila somo wake? Ni kijana gani wa jando aliyeachwa bila mtu wa kumpikia na kumfundisha usiku? Kwa mila zetu, anayetengwa huongezewa mtu. Haya ya kumtenga mtu na kumpunguzia watu mmeyatoa wapi?

Waislamu mmeisikia hadithi qudsi, yaani maneno ya Mungu yaliyosimuliwa na Mtume, iliyopokewa na Abu Hurayra, imo katika Sahihi Muslim. Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwambia mwanadamu: niliugua, nawe hukuja kunitazama. Mja atashangaa, vipi nikutazame nawe ni Mola wa walimwengu? Ataambiwa kwamba mja fulani aliugua, na lau angekwenda kumtazama, angemkuta Mungu kwake. Katika hadithi hiyohiyo wamo pia aliyeomba chakula na aliyeomba maji, wakanyimwa. Kwa hao inasemwa kwamba aliyetoa angeyakuta malipo yake kwa Mungu. Kwa mgonjwa peke yake inasemwa kwamba Mungu mwenyewe angekutwa pale. Isomeni tena taratibu. Na Wakristo mnalo neno la Yesu katika Mathayo 25, nalikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, na wale walioambiwa hivyo hata hawakukumbuka ni lini walimwona.

Mnakesha kuutafuta uso wa Mungu, mnafunga, mnapanga safari za hija za mbali. Anwani yake mmepewa. Yupo nyuma ya mlango ule mnaougonga mara mbili na kukimbia.

Basi nendeni, na nendeni kwa akili. Jioni, kuanzia saa 10, jua likishapoa, mtoeni mgonjwa uani. Tandikeni mkeka chini ya mwembe au mkorosho. Hewa ya nje hutawanya vitone kwa dakika chache, jambo ambalo chumba hakiwezi. Kama bado yumo katika zile wiki 2, kaa upande upepo unakotokea, yeye awe upande unakokwenda, na akikohoa afunike mdomo kwa kitambaa. Dakika 20 zinatosha, maana mgonjwa huchoka upesi na kwa adabu hatakwambia ondoka. Mpe mkono. Kula naye mbaazi zake au uji wa karanga. Usimwambie amekonda, kioo anacho. Usimuulize kaupatia wapi. Usinong'one na wenzako mambo ya Ukimwi au ya kurogwa ukidhani hasikii. Mwache yeye aongee kwanza, kisha mwombe akuombee wewe. Hili la mwisho wengi hawalijui: mtu aliyeombewa mwezi mzima bila kuombwa chochote huanza kujiona ni mzigo.

Jumuiya ndogondogo zinazosali nyumba kwa nyumba zisiiruke nyumba ya mgonjwa. Zamu yake ikifika, salini uani kwake. Wenye dua nao vivyo hivyo. Padri au mchungaji ampelekee sakramenti asiyeweza kutembea, maana hiyo ni kazi yake.

Ndani ya nyumba fungueni dirisha na mlango unaolikabili, ili hewa iingie huku itoke kule. Nyumba zetu nyingi za udongo zina kidirisha kimoja tu, hapo hewa huingia ikakaa, kwa hiyo mlango nao uwe wazi mchana kutwa. Godoro na shuka vitolewe juani, kwa kuwa mwanga wa jua huua vimelea hivi. Makohozi yaingie kwenye kopo lenye mfuniko, kisha yamwagwe chooni. Watoto wa chini ya miaka 5 waliokaa naye wapelekwe kliniki kuchunguzwa na kupewa dawa ya kinga. Mtu mzima yeyote wa nyumba hiyo mwenye kikohozi cha wiki 2, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, akapime.

Sasa dawa, na hapa ndipo upendo unapojulikana kama ni wa mdomoni. Zinatolewa bure, na ni za kila siku kwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza kidonge kimoja kina dawa 4 ndani yake, miezi 4 inayofuata zinabaki 2. Idadi ya vidonge hufuata uzito wa mtu, na vyote humezwa kwa mara moja. Ziwekwe baada ya swala ya alfajiri au sala ya asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa kikombe cha maji, na uji ungoje nusu saa hadi saa nzima. Kichefuchefu kikimzidi, heri azimeze na chakula kidogo kuliko kuruka siku. Mkojo utageuka rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya dawa, siyo damu, mwambieni mapema asije akatishika akaacha. Macho yakiwa ya manjano, au kuona kukififia, arudi kliniki siku hiyohiyo.

Awepo mtu mmoja wa nyumbani anayekaa naye mpaka vidonge vipite kooni, kisha watie alama kwenye kalenda. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na mpango wa matibabu unaotumia njia hii ya kumsimamia mgonjwa ameze mbele ya mtu ulijengwa hapa Tanzania pamoja na daktari Karel Styblo, ndipo Shirika la Afya Duniani likaupeleka kwa mataifa mengine miaka ya 1990. Dunia ilijifunza kwetu mpango huo wa kukaa na mgonjwa. Inaniuma sisi wenyewe tunavyoshindwa kukaa naye dakika tano za asubuhi. Na dakika hizo tano ni ibada. Mkishamaliza vidonge, semeni Zaburi moja kwa sauti, au Fatiha, mkiwa mmeshikana mikono. Mtu aliyelala peke yake usiku kucha akikohoa anahitaji kusikia sauti nyingine ikimtaja Mungu karibu naye.

Hatari iko baada ya mwezi wa 2. Mgonjwa amenenepa, kikohozi kimekwisha, anajisikia mzima. Hapo ndipo hutokea mtu na maikrofoni au na kombe la zafarani, akamwambia umepona, acha vidonge. Viongozi wa dini wa namna hiyo, nawaomba kwa heshima na kwa hasira pia: acheni. Vimelea vilivyobaki vikiachwa bila dawa huamka, na vinaweza kuamka vikiwa sugu, na mgonjwa atarudia matibabu magumu kuliko ya kwanza, akiwaambukiza watoto huo usugu. Mwombeeni, na baada ya amina muulizeni kama amemeza. Ramadhani ikifika, mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qurani yenyewe, sura ya pili, ale na alipe siku nyingine. Asiache dozi ili aonekane amefunga.

Nanyi mliomo ndani, dada zangu na kaka zangu. Sitawaambia mfurahi. Ayubu alilalamika mbele ya Mungu na hakufukuzwa. Yunus, ambaye wengine mnamwita Yona, aliomba akiwa ndani ya tumbo la samaki, mahali pasipo msikiti wala kanisa, akasikiwa. Kwa hiyo anzeni na malalamiko yenu kama mnayo, kwa sauti. Msijitwishe sala ndefu ambazo pumzi haiziwezi. Chagueni nyakati 3 za siku, fupi, zisizobadilika. Mwislamu asiyeweza kusimama aswali amekaa, asiyeweza kukaa aswali amelala kwa ishara, maji yakimdhuru atayamamu. Mchana tajeni majina ya watu mmoja mmoja mkiwaombea, mkianza na yule aliyewatobolea sahani. Hilo ni gumu, najua, lakini chuki hula usingizi, na mwili unaopona unauhitaji.

Upendo si kazi ya wanaowatembelea tu. Kitambaa mnachofunika mdomoni ni upendo. Kidonge cha siku ya 150, ambacho hamkioni tena faida yake, mnawamezea majirani. Mikono ikipata nguvu, sukeni ukili, chambueni mbaazi, mfundisheni mjukuu akiwa upande wa pili wa mkeka. Pindo moja la ukili kwa siku linamrudisha mtu kuwa mtu wa nyumba.

Neno kwa mtaa mzima. Mtu akifa, tunachanga siku hiyohiyo. Turubai linapatikana, viti vinapatikana, mchele unapatikana, na gari la kutoka Dar es Salaam linajaa. Mtu huyohuyo alipokuwa hai alikosa nauli ya pikipiki kwenda kliniki, akakosa mayai mawili kwa wiki, na hakuna mwenyekiti aliyepitisha daftari. Kamati za mazishi tunazo kila mtaa. Ya wagonjwa iko wapi? Mwenyekiti wa mazishi anaweza kuanza na daftari lilelile, aweke kurasa za mbele kwa walio hai.

Tena msimu wa korosho unakuja. Oktoba kijiji kinahamia mikoroshoni, anabaki mgonjwa na mtoto wa miaka tisa, na hapo ndipo dozi hurukwa. Pangeni zamu kabla ya kuondoka: watu 7, kila mmoja siku yake, majina yaandikwe mlangoni na namba za simu chini yake. Wa Jumatatu akikwama shambani au kwenye mnada, ampigie wa Jumanne usiku uleule, asingoje kukuche. Anayeshika zamu afanye mambo manne: asimamie vidonge, afungue dirisha, asali naye, ale naye.

Kopo la makohozi libaki lake peke yake. Sahani ya bluu ioshwe kwa sabuni na maji kama nyingine zote, na kesho apakuliwe mtu mwingine humo, mama mwenyewe akiwa anaona.

Mzee wenu,
Mtwara