Vumbi la mkonge na saa ya mapumziko

Ndugu Mhariri,

Katika viwanda vya mkonge hapa Tanga vumbi baya zaidi liko kwenye mashine ya brashi, singa (nyuzi za mkonge) zilizokauka zinapopigwa hadi zing'ae. Kipande cha khanga puani huzuia nyuzi tu. Chembe ndogo hupita mpaka mapafuni. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi, iliyobana pua na kidevu, ibadilishwe mara inapoanza kuwa nzito kupumulia. Bora zaidi ni feni ya kunyonya vumbi palepale mashineni, na sakafu ilowanishwe kidogo kabla ya kufagiwa. Kwenye korona, mashine inayoponda majani ya mkonge kutoa singa, shida ni maji ya majani: yanawasha ngozi, hivyo glavu ndefu na bomba la kunawia viwe karibu.

Halafu mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo angalau dakika 60. Kula chapati umesimama, jicho kwenye mashine, si mapumziko! Wasimamizi, pangeni watu wapokezane ili kila mmoja akae chini ale. Naye mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa 2 kwa siku. Asilazimike kuziomba kwa kunong'ona.

Msomaji wako,
Tanga